Kaka Aliyekuwa Ndugu wa Watu Wote

Jambo la kwanza ambalo mtu angeligundua kwa Nastaran Zarbaf ni kwamba hakuwa akimwita mtu yeyote chochote. Katika mji wetu wa Yazd, hapa Iran, ambako huwezi kununua hata kipande cha sabuni bila kumwita muuzaji bwana, mzee, haji au ndugu, msichana huyu wa miaka kumi na tisa alikuwa akifika dukani, akisubiri macho yakutane, ndipo aseme haja yake. Mikate miwili. Ahsante. Basi. Mwoka mikate wa mtaani kwao aliudhika siku moja, akawauliza waliokuwa kwenye foleni kama yeye amegeuka tanuri, maana binti huyu humwomba mkate kama anayeongea na matofali. Foleni nzima ikacheka. Nastaran naye akatabasamu, akachukua mikate yake, akaondoka bila kumwita bwana, wala mzee, wala ndugu.

Wengi walisema ana kiburi. Walikosea. Nastaran alikuwa kama mtu aliyeumwa na nyuki ndani ya ua zuri. Tangu hapo kila ua hulitazama mara mbili. Ua lenyewe lilikuwa neno moja, na neno hilo lilimfikia wakati wa mapinduzi, akiwa mtoto.

Kabla ya hapo alikuwa na kaka. Kiumars alimzidi kwa miaka kumi, na alifuga njiwa juu ya dari la nyumba yao ya udongo. Jioni alimbeba mgongoni kumpandisha ngazi, akampa kopo la punje, akamfundisha kupiga mluzi ambao njiwa waliujua. Baba yao, Habib, mfumaji wa vitambaa vya hariri, alilalamika kwamba kinyesi cha njiwa kinadondokea nyuzi zake. Mama yao, Eshrat, alisema afadhali njiwa kuliko mwanamume kushinda kwenye mikahawa. Kwake Nastaran dunia yote ilikuwa pale juu ya dari, na mwenye dunia hiyo aliitwa Kaka.

Kisha ukaja mwaka ambao Shah, mfalme wetu, aliondoka, na mambo yakaanza kubadilika haraka kuliko mtoto wa darasa la kwanza anavyoweza kuyafuata. Kabla ya baridi, mwalimu alimchapa rula kwa sababu aliichorea masharubu picha ya mfalme kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu. Baridi ilipopungua na shule kufunguliwa tena, mwalimu yuleyule alimchapa rula kwa sababu alichelewa kuuchana ukurasa huohuo. Nastaran alirudi nyumbani na viganja vyekundu, akamuuliza mama yake picha ile imekosa nini. Mama akamwambia asiulize maswali barabarani. Barabara yenyewe ilikuwa imebadilishwa jina wiki ile, na wenye teksi walibishana na abiria kwa sababu abiria walitaja jina jipya na madereva walijua la zamani tu, au kinyume chake.

Nyumbani, Kiumars naye alibadilisha jina. Alikuwa akishinda msikitini tangu maandamano yaanze, na jioni moja, wakiwa wameketi miguu yote imeingizwa chini ya blanketi la meza ya mkaa ya kuotea moto, alitangaza kwamba kuanzia sasa yeye ni Yaser. Kiumars, alieleza, lilikuwa jina la mfalme wa kale, tena wa kabla ya Uislamu. Baba alipuliza chai yake. Aliyejibu ni bibi yao, mama yake Baba, ambaye jina lake lilikuwa Saltanat, yaani ufalme wenyewe.

"Na mimi je?" aliuliza. "Maana kama jina la mfalme mmoja ni dhambi, mimi nimebeba ufalme mzima."

Yaser alisema kwa adabu kwamba Bibi angeweza kuitwa Sakina, au Zainabu, kama angependa.

"Mwanangu, angusheni wafalme wenu wote. Jina langu niachieni."

Bibi Saltanat hakuwa mtu wa kufundishwa dini. Alisali tangu akiwa msichana mdogo, na katika ujana wake, Shah aliyetangulia, baba wa huyu aliyeondoka, alipoamuru askari wawavue wanawake buibui barabarani, hakukanyaga barabara kwa miaka. Alikwenda kuoga kwenye hamamu ya mtaa kwa kupita juu ya madari ya majirani. Sasa alisikia kwamba wanawake wa ofisini wataamriwa kujifunika. Alisema tu kwamba mara ya kwanza hawakumuuliza, na mara hii pia hawamuulizi, kwa hiyo hajui kama afurahi au akasirike. Nastaran alimsikiliza, na akawa hajui pia.

Yaser aliwapeleka njiwa wake kwa mtu wa mtaa wa mbali, kwa kuwa alisikia msikitini kwamba ushahidi wa mrusha njiwa haukubaliki mbele ya kadhi. Kesho yake asubuhi njiwa wote walikuwa wamerudi juu ya dari. Akawapeleka tena, wakarudi tena. Bibi alimwambia asiwalaumu, hawajapata habari kwamba amebadilisha jina.

Neno lenyewe likaingia nyumbani wakati huohuo. Wanaume wa msikitini waliitana ndugu. Wanawake waliitwa dada. Ndugu mwuza mboga, ndugu dereva, ndugu mganga wa meno. Baba alikuwa akirudi sokoni na kusimulia kwamba mtu aliyekuwa akimwita Bwana Habib kwa miaka yote sasa anamwita ndugu, lakini kwenye foleni ya mkate bado anamsukuma kwa kiwiko kilekile. Yaser akamkataza Nastaran kumwita Kaka mbele ya wenzake. Ilikuwa kitoto, alisema; aseme "ndugu Yaser" kama watu wote. Na siku Mama alipopeleka chungu cha supu msikitini kwa ajili ya walinzi wa mtaa, Yaser alisimama mlangoni na bunduki begani, akainamisha macho, akamwambia, "Dada, wanawake wanapitia mlango wa nyuma."

Mama alirudi na supu yake. "Nimemzaa mwenyewe," alimwambia Baba, "leo ananiita dada yake. Basi wewe sasa ni shemeji yake?"

Baba alicheka hadi chai ikamwagika. Nastaran hakucheka. Alikuwa akihesabu kichwani: kama Mama ni dada wa Yaser, na yeye ni dada wa Yaser, basi yeye na Mama ni ndugu. Hesabu ilikataa kila alipoirudia.

Alipotimiza umri wa miaka tisa, umri ambao msichana kwetu huanza kuwajibika kwa sala zake, Bibi Saltanat alimkalisha zuliani, akamfunga mtandio mweupe, akamfundisha sheria yake kwa urahisi, kama alivyofundishwa yeye. Mbele ya mwanamume wa nje, jifunike. Mbele ya maharimu, usijisumbue.

"Maharimu ni nani, Bibi?"

"Baba yako. Babu yako, Mungu amrehemu. Mjomba, ami. Ndugu yako."

"Ndugu ninaweza kukaa naye kichwa wazi?"

"Ndugu ni ndugu. Ujifunike kwa ajili gani?"

Nastaran aliifurahia sheria hiyo. Kwa mara ya kwanza tangu mapinduzi, kitu kimoja kilikuwa wazi.

Vita na Iraki vilikuwa vimeshaanza, na vuli ile Yaser alikuwa ameomba kuingizwa rasmi katika kamati ya ulinzi ya mtaa, kazi ambayo ingemweka hapahapa mjini, na ambayo Mama aliiombea usiku na mchana kwa sababu vijana wengine walikuwa wakipelekwa mpakani. Kabla ya kumkubali mtu, kamati ilimtuma mjumbe kwenda kwao kuona nyumba ilivyo. Ilikuwa asubuhi ya Alhamisi. Baba alikuwa karakanani, Yaser msikitini, Bibi amelala, na Mama alikuwa uani akiosha nywele zake kwenye beseni. Nyundo nzito ya mlangoni, ile wanayobishia wanaume, maana wanawake wana pete yao nyembamba, ikagonga.

Nastaran akajitupia mtandio wake, akaenda ukumbini, akauliza ni nani.

"Ndugu," ilisema sauti ya kijana.

"Ndugu yupi?"

"Ndugu Rahmat. Fungua, dada."

Yeye ndugu, mimi dada. Nastaran akafikiri vizuri, kama mtoto aliyesoma somo lake, akauvua mtandio, akaukunja, akauweka juu ya kiti, akafungua mlango kichwa wazi.

Rahmat alikuwa kijana mrefu mwenye ndevu chache. Alimtazama mara moja, kisha akageuka ghafla akaukabili ukuta wa kichochoro. Nastaran alidhani ameona nge. Naye akatoka, akautazama ukuta, hakuona kitu.

"Dada, jifunike," Rahmat aliuambia ukuta.

"Kwani wewe si ndugu?"

"Ndugu, ndiyo. Lakini si ndugu wa namna hiyo."

"Wa namna gani?"

Rahmat akauliza kama kuna mtu mkubwa nyumbani. Na Nastaran, akitaka kusaidia, akapaza sauti kuelekea uani: "Mama, ndugu amekuja."

Mama alikuwa akimtarajia kaka yake kutoka Ardakan, ambaye alimwahidi makomamanga. Alitoka mbio na furaha yake, maji yakimtiririka mabegani, nywele zote zikiwa wazi, mikono imetandazwa kumkumbatia ndugu aliyetoka kwa mama yake mwenyewe. Rahmat, aliposikia hatua, alidhani sasa anaweza kugeuka.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama alirudi ndani kimya kama maji yanavyozama mchangani. Rahmat alifumba macho yote mawili, akapapasa ukuta hadi mwisho wa kichochoro, ndipo akayafumbua akaenda zake.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Rahmat alikuwa mkweli. Hakutangaza, hakusengenya. Lakini kamati ilimuuliza wanawake wa nyumba ile wanajistiri vipi, na yeye hakujua kusema uongo. Ombi la Yaser likakataliwa. Hakupewa maelezo, ila kufikia Ijumaa kila mtu msikitini alikuwa na maelezo yake.

Yaser hakumgombeza Nastaran. Alikaa uani, akamuuliza taratibu kwa nini aliuvua mtandio, naye akamweleza yote, kuanzia maharimu hadi kiti. Aliposikia, Yaser alimtazama Bibi. Bibi akasema yeye alifundisha sheria ya Mungu kama ilivyo, na kama watu wamelichukua neno la ndani ya nyumba wakalitembeza barabarani, wasimuulize yeye limepotelea wapi. Mama alilia akisema kosa ni lake. Baba alisema hakuna kosa, kuna neno moja lenye watu wengi mno ndani yake. Yaser aliwasikiliza wote, kisha akawaambia kwamba amejiandikisha kwenda mpakani na vijana wa kujitolea. Huko hawachagui.

Bibi akauliza: "Huko kwenye risasi hawaulizi nywele za mama yako?"

Yaser akaenda kufunga mkoba wake.

Siku ya kuondoka, Mama aliinua Kurani, Yaser akapita chini yake. Nastaran alipewa bakuli la maji amwage nyuma yake, kama tufanyavyo ili msafiri arudi. Kichochoroni kulikuwa na wenzake, wamepanda nyuma ya lori dogo, wamefunga vitambaa vyekundu vichwani. Yaser alipanda akiwapa mgongo. Nastaran alitaka ageuke. Alitaka amuulize kama anakwenda kwa sababu yake. Neno "Kaka" lilimjia mdomoni, akakumbuka limekatazwa mbele ya watu. Neno "ndugu" likamjia, akaliogopa. Kama angeita ndugu, wangegeuka wote lorini, na nani ajuaye nini kingetokea. Alisimama na bakuli lake, mdomo wazi, hadi lori likakata kona. Maji aliyamwaga baadaye, juu ya vumbi lisilokuwa na mtu tena.

Tangu asubuhi ile hakumwita tena mtu chochote. Waliomzunguka hawakugundua mapema; mtoto huongea na watu wa nyumbani bila kuwaita. Walipokuja kugundua, walishaona ndiyo tabia yake.

Mwaka wa pili wa vita, baada ya pigano moja kubwa, habari za Yaser zilikatika. Hakuna maiti, hakuna barua, hakuna jina kwenye orodha za mateka. Wenzake wawili walisema walimwona akianguka. Msikiti ukamhesabu miongoni mwa mashahidi, na majira ya kuchipua yaliyofuata wakaja na ngazi na misumari, wakabandika bati la buluu kwenye kona: Kichochoro cha Shahidi Yaser Zarbaf. Watu walikuja kutoa pole na tende. Mama aliwapokea kwa chai, lakini alikataa kupika haluwa ya matanga. Alisema haluwa hupikwa kwa ajili ya maiti, nao walimletea bati.

Hivyo Nastaran akakua akiishi katika kichochoro chenye jina la kaka yake. Alipoulizwa shuleni anakaa wapi, alilazimika kusema kaka yake amekufa kabla ya kusema mlango wa ngapi. Usiku wa baridi alijiuliza kama mtu anaweza kuwa hai kwa mama yake na maiti kwa manispaa, na ni nani kati yao mwenye ushahidi. Alijiuliza pia jambo moja ambalo hakumwambia mtu: kama angeita siku ile, angegeuka? Na kama angegeuka, angeshuka?

Vita viliisha. Miaka miwili ikapita. Kisha, majira haya ya joto, redio ikaanza kusoma majina ya mateka wanaoachiliwa, mji kwa mji. Kila nyumba yenye mtu aliyepotea iliwasha redio na haikuizima. Majirani walisikiliza pamoja nao, masikio yao yakiwa yametegwa kwa jina la Yaser. Jumanne, Mama akiwa anamenya biringani, msomaji alisema: "Kiumars Zarbaf, mwana wa Habib, Yazd."

Jirani aliyekuwa karibu na redio, aliyehamia mtaani baada ya vita kuanza, aliendelea kunywa chai. Hakulijua jina hilo. Kisu cha Mama ndicho kilichoanguka.

Jioni ile nyundo nzito ikagonga. Alikuwa Rahmat, sasa mtu mzima, mkono mmoja hauwezi kukunjuka tangu vitani. Alisimama akiwa ameukabili ukuta, kwa mazoea. Alitumwa na msikiti, alisema, na anaomba radhi kuuliza: huyu Kiumars ni nani? Wao walimpeleka Yaser.

Bibi Saltanat, ambaye hakuweza tena kusimama, alijibu kutoka kwenye godoro lake. "Na sisi tulimzaa Kiumars. Mkimpata Yaser, mleteni naye. Chakula kipo."

Rahmat alicheka, kisha akapangusa macho kwa mkono wake mzima. Lakini shida ilibaki. Bati lilikuwa pale kwenye kona, na bili za umeme za kichochoro kizima zilikuja kwa jina hilo. Wengine msikitini walitaka ling'olewe. Wengine walisema wangoje wamwone kwanza, isije ikawa ni Zarbaf mwingine. Jirani mmoja, ambaye aliweka nadhiri kwa jina la shahidi huyo na mwanawe akapona homa, alikuja kuuliza sasa nadhiri yake aipeleke wapi. Baba alisema yeye anachotaka ni kimoja tu, mwanawe asisome kifo chake kabla hajavua viatu. Mwishowe Rahmat alipanda ngazi kwa mkono mmoja, akalifunika bati kwa shuka la Mama lenye maua.

Nastaran alikuwa ameishika ngazi. Aliwasikia wote na hakujua amfuate nani. Kwa nini kaka yake alijiandikisha kwa jina la zamani? Labda kwa sababu ndilo lililo kwenye kitambulisho, na huko kambini hawakujali jina la msikitini. Labda alimwacha Yaser mahali fulani jangwani, akatembea peke yake. Labda bado ni Yaser, na atakasirika akisikia jina la mfalme wa kale. Na anayekuja ni nani: yule wa dari, au yule wa mlango wa nyuma, au mtu wa tatu ambaye hawajawahi kukutana naye? Na yeye, akishuka, amwite nani? Alimuuliza Mama. Mama alimjibu kwamba yeyote atakayekuja atakuwa na njaa.

Leo asubuhi wamesimama wote kwenye barabara ya kuingilia mjini. Baba ana kondoo aliyefungwa kamba, wa kuchinjwa miguuni pa mgeni. Wanawake wanachoma mbegu za kufukuza husuda, moshi unawaliza kabla ya sababu yenyewe kufika. Rahmat anawapanga watu kando, wanaume huku, wanawake kule, na hakuna anayemsikiliza. Bibi Saltanat ameletwa kwenye mkokoteni wa mwuza matikiti, amekaa juu ya mto kama jina lake.

Mwenye pikipiki amekuja kusema kwamba basi limepita Ardakan, lakini watu wa Meybod wamelizuia. Wamelala barabarani, wanataka kumbusu kila mmoja aliyemo, hata wasiomjua. Litachelewa. Watu wamenung'unika, wengine wakaketi juu ya mawe ya kando. Mama amekataa kuketi. Nastaran amemshika kiwiko, na kwa kuwa ni mrefu kuliko mama yake, ndiye anayetazama kwa niaba yao wote wawili. Barabara imenyooka hadi inapoyeyuka katika joto, na huko mwisho kuna kitu ambacho kinaweza kuwa vumbi, na kinaweza kuwa basi.